Mwarobaini, ngitili na mashirika yaliyo katikati

Mwarobaini umebeba taarifa kwenye jina lake. Aliyeuita hivyo alitaka kusema, kwa neno moja tu, kwamba mti huu unatibu maradhi arobaini. Alikuwa nani, hatujui. Hakuandika popote wala hakudai malipo, na jina likaenea kwa midomo ya watu.

Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza kwa kampuni ya W. R. Grace ya Marekani, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, kwa njia ya kudhibiti ukungu wa mimea kwa mafuta ya mbegu za mwarobaini. Hataza ni cheti cha kisheria kinachomtambua mtu kuwa mvumbuzi na kumpa haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi huo kibiashara kwa muda maalumu. Kasoro ilikuwa moja: wakulima wa India walikuwa wakilinda mimea yao kwa mbegu hizo tangu enzi za mababu. Waliopinga walikuwa Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet aliyekuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, na IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai. Hataza ikafutwa mwaka 2000, rufaa ikatupwa Machi 2005. Miaka kumi ya mawakili na majalada ili kuthibitisha jambo ambalo mkulima wa kule angelisema bure.

Kisa hiki husimuliwa sana, lakini kuna kipande huachwa nje. Mwarobaini wenyewe haukuota Afrika Mashariki tangu mwanzo. Kwao ni Bara Hindi. Uliletwa, ukastawi, watu wakaujaribu kwa hili na lile, wakaupa jina, na leo bibi anayechuma majani yake asubuhi haoni kwamba ameshika kitu cha ugenini. Yuko sahihi.

Nimeanzia hapo makusudi, kwa sababu neno "asili" hutupotosha mapema. Tukisikia maarifa ya asili tunafikiria kitu kilichokaa mahali pamoja tangu dunia iumbwe, hakijaguswa na mgeni. Hakuna maarifa ya namna hiyo. Mahindi na mihogo vilitoka Amerika, na elimu tunayoitumia ya jinsi ya kupanda, kuhifadhi na kuondoa sumu ya muhogo mchungu imejengwa kwa sehemu kubwa Afrika, na watu waliopokea mbegu ngeni. Kinachoyafanya maarifa yawe ya asili ni kwamba yamejaribiwa mahali fulani, na watu ambao wakikosea ndio watakaolala njaa. Mtaalamu anayekuja na kuondoka akikosea anaandika ripoti nyingine.

Utandawazi nao umeundwa na kutanda na uwazi. Kutanda si jambo jipya. Majahazi yalitanda karne nyingi kabla hatujapata neno. Kipya ni uwazi, na swali la kuuliza ni wazi kwa nani. Tangu Januari 1995, mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani uliziwekea nchi wanachama viwango vya chini vya kulinda hataza na haki nyingine za ubunifu. Mlango ulifunguka kwa wanaoandika kwa mtindo unaokubalika katika ofisi za hataza. Manjano ni mfano. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza juu ya kuponya vidonda kwa manjano, jambo ambalo mama yeyote wa Kihindi alilijua. Ikafutwa mwaka 1997 baada ya Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India kutoa ushahidi wa maandishi, yakiwemo ya Kisanskriti. India iliokolewa na maktaba yake. Jamii ambazo maktaba yao ni vichwa vya wazee zingewasilisha nini mezani?

Wasan wa kusini mwa Afrika walikutana na swali hilo. Kwa vizazi walitafuna shina la mmea wa jangwani uitwao hoodia ili kutuliza njaa na kiu katika safari ndefu za kuwinda. Katikati ya miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini ilichukua hataza ya kemikali iliyomo ndani yake, kisha ikaikodisha kwa kampuni ya Uingereza, Phytopharm, nayo ikashirikiana na Pfizer kutafuta dawa ya kupunguza unene. Wasan hawakuulizwa. Habari ilipofichuka mwaka 2001, asasi za kiraia zilipiga kelele, na shirika la WIMSA lililokuwa likiwaunganisha Wasan wa nchi mbalimbali likawapatia wakili. Machi 2003 mkataba ukasainiwa: asilimia 6 ya mrabaha ambao taasisi ile ingepokea, na asilimia 8 ya malipo ya kila hatua ya utafiti. Ulisifiwa kote. Pfizer ilijitoa mwaka huohuo, Unilever ikaingia 2004 na kutoka 2008, na mto wa fedha ukabaki kijito.

Watu wengi hufunga kisa hapo, wakisema Wasan walidhulumiwa mara mbili. Mimi naona fundisho liko kwenye jambo dogo zaidi. Ili kusaini mkataba, Wasan walilazimika kuwa na chombo chenye muhuri, wajumbe wanaotambulika na akaunti ya benki, na kukubaliana nani ni Msan na nani si Msan katika nchi zaidi ya moja. Kutafuna hoodia hakukuwahi kuhitaji kamati. Maarifa yalipoingia sokoni yaliwadai wenyewe wajipange upya.

Mbinu na utaratibu

Hapa ndipo fundo lote lilipo, kwa hiyo nitalifungua taratibu. Kila maarifa ya asili yana sehemu mbili. Kuna mbinu: chimba hivi, funga malisho wakati huu, changanya majani yale. Na kuna utaratibu unaoibeba mbinu: nani anaamua, nani analinda, anayevunja anatozwa nini, mtoto anafundishwa lini na nani. Mbinu husafiri kirahisi, hata kwenye kipeperushi. Utaratibu haufungiki kwenye sanduku.

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilipopiga karibu na kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia, wenyeji walipaza sauti wakisema "smong" na kukimbilia vilimani. Kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 70,000, na waliokufa walikuwa saba. Smong ni neno lao la tsunami, kama ile iliyokipiga kisiwa hicho mwaka 1907, na kisa chake kilihifadhiwa kwenye hadithi na nyimbo ambazo watoto walizisikia nyumbani. Mbinu yao ni sentensi moja: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, panda mlimani. Ungeweza kuibandika kwenye kila nguzo ya Bahari ya Hindi. Lakini bango halimfanyi mtu aache sufuria jikoni na kukimbia bila kuuliza. Miaka 97 ya kuimbiwa ndiyo iliyowafanya wakimbie.

Ukiishika tofauti hiyo, kazi ya mashirika yasiyo ya kiserikali inaeleweka vizuri zaidi kuliko ukiyagawa kuwa mashirika mema na mabaya.

Yalivyofika katikati

Miaka ya 1980 nchi nyingi za Afrika ziliingia kwenye mipango ya marekebisho ya uchumi chini ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Serikali zikaambiwa zipunguze matumizi. Mabwana shamba walipungua, zahanati zikaanza kutoza ada, na wafadhili, ambao hawakuwa na imani kubwa na wizara, wakaanza kupitishia fedha kwenye mashirika. Ndipo "enjio" ikawa neno la kila mtu. Shirika likajikuta limesimama kati ya mfadhili anayezungumza lugha ya viashiria na mwanakijiji anayezungumza lugha ya msimu. Kazi yake kubwa ikawa ukalimani, ingawa kwenye maelezo ya kazi hutaliona neno hilo.

Tuutazame ukalimani huo kwa karibu. Kuna zoezi maarufu la mbinu shirikishi, lililoenezwa sana na Robert Chambers wa Uingereza na wenzake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanakijiji wanakusanyika chini ya mti, wanafagia mahali, wanachora ramani ya kijiji chini kwa kijiti: majivu ni barabara, majani ni msitu, kokoto ni nyumba. Wanabishana. Mzee anasogeza kokoto, mama mmoja anairudisha ilipokuwa. Kwa nusu saa hivi unaona maarifa yakifanya kazi, kwa sababu ubishi ule ndio wenyewe: nani ana haki ya kupita wapi, kisima kipi ni cha nani kiangazi. Kisha mwezeshaji anaihamishia ramani kwenye karatasi ya bango kitita, anaipiga picha, anaikunja na kuondoka nayo mjini. Ardhi inabaki na alama za vidole, na jioni ng'ombe wanapita juu yake.

Ramani iliyoondoka ni sahihi. Ubishi haukupanda gari.

Ofisini inaandikwa kwenye andiko la mradi. Tuseme mzee alisema: "Msitu ule haukatwi mpaka baraza likae, na aliyekata bila ruhusa analeta mbuzi." Kwenye jedwali la mradi sentensi hiyo haina safu ya kuingia. Inageuka kuwa "wanajamii 120 wamejengewa uwezo wa kuhifadhi misitu." Baraza limetoweka, mbuzi ametoweka, na walinzi wa msitu wamekuwa walengwa wa mafunzo juu ya kitu walichokuwa wakikifanya. Aliyeandika si mtu mbaya. Mara nyingi ni kijana wa vijiji hivyohivyo, ana tarehe ya mwisho kesho saa kumi na moja jioni, na mfadhili ameuliza idadi.

Halafu kuna posho. Hili nalisema kwa mkato kwa sababu kila aliyewahi kukaa kwenye semina analijua: baada ya miaka michache ya posho, mkutano wa kijiji usio na posho hupata shida kuita watu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kuna wageni wanaowaacha wenyeji hawawezi tena kuitana wenyewe.

Shinyanga, ambako utaratibu haukusahaulika

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa ngitili. Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, walikuwa na desturi ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza. Majani yanakua bila kuguswa msimu mzima. Kiangazi kikikaza na kwingine kumebaki vumbi, ngitili inafunguliwa, sehemu kwa sehemu, kwanza kwa ndama, ng'ombe wa maziwa na wale waliodhoofika. Kwa kuwa eneo limepumzika, miti nayo inapata nafasi ya kuinua kichwa.

Mambo kadhaa yaliivunja. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa kwa wingi ili kuwaondoa mbung'o. Pamba ikaongeza mashamba, mifugo ikaongezeka. Kisha miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha nyuma maeneo yao, ngitili zikiwemo, na ngitili isiyo na mlinzi ni malisho ya kila mtu. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambayo ilipata fedha za Norway na utaalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Mwanzoni ilifanya kile ambacho miradi mingi hufanya: vitalu vya miche, miti ya kigeni inayokua haraka, kampeni za kupanda. Hamasa ilikuwa ndogo. Baadaye wataalamu waligundua kwamba chini ya ardhi ileile iliyoonekana kufa, mizizi na visiki vilikuwa hai, na wenyeji walikuwa na jina la namna ya kuviamsha. Programu ikageuza mkondo. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ukisoma masimulizi mengi ya mafanikio hayo utadhani siri ilikuwa kufunga malisho. Hiyo ni mbinu, na mtu anaweza kuieleza kwa dakika mbili. Kilichofanya kazi ni kwamba dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, liliachiwa liamue na kutoza faini, sungusungu wakalinda, na sheria ndogo za vijiji zikayapa maamuzi hayo nguvu ya kiserikali. Mradi haukuunda kamati mpya ya mazingira yenye mwenyekiti, katibu na mhazini halafu kuipa kofia na fulana. Ulikuta baraza na ukaliongezea meno.

Na fedha zilitoka Oslo. Hili nalo liwekwe wazi, maana kuna wanaodhani kurudi kwenye asili ni kufunga mipaka. Ngitili zilifufuka kwa krona, utafiti wa kimataifa na uamuzi wa serikali, vikitumikia utaratibu wa mahali. Utandawazi ulikuwepo, safari hii umekaa kiti cha nyuma.

Sitaki kuipamba. Ngitili nyingi zilizofufuka zilikuwa za mtu mmojammoja, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alifaidi kuliko asiye navyo. Mabaraza ya jadi, hapo na kwingine, ni ya wanaume watu wazima. Mwanamke anayeokota kuni kwenye eneo lililofungwa huisikia hukumu, haitoi. Maarifa ya asili yana watu wake wa juu na wa chini kama kitu kingine chochote cha binadamu. Shirika likisema "jamii imeamua," uliza ni nani hasa aliyezungumza na ni nani aliyekuwa amekwenda kisimani.

Mpira wa maji

Upande wa pili wa bara, mkoa wa Yatenga nchini Burkina Faso, shirika la Oxfam lilianza mradi mwaka 1979 baada ya ukame mkali. Wazo lilikuwa kupanda miti kwa kukinga maji ya mvua. Wakulima walitazama, wakasema wanataka nafaka kwanza. Mradi ungeweza kuwaona wabishi. Badala yake uliwafuata, na ukakuta kwamba wenyeji walikuwa na desturi yao ya kupanga mistari ya mawe shambani ili maji yasikimbie. Tatizo lilikuwa dogo na la kiufundi: kwenye ardhi inayoinama kidogo sana, jicho halioni usawa, na mstari usiofuata usawa huelekeza maji pabaya.

Suluhisho lilikuwa mpira mwembamba unaoonyesha kilichomo ndani, umejazwa maji, ncha zake zimefungwa kwenye vijiti viwili. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, wanasogea mpaka maji yalingane pande zote mbili. Hapo ni usawa, weka jiwe. Hakuna kusoma wala kuandika, na gharama yake ni ndogo. Nikiulizwa shirika zuri linafanya nini, najibu kwa mpira huo: lilisikiliza, likakuta mahali pamoja ambapo maarifa ya wenyeji yalikwama, likaleta kitu kimoja kutoka nje, na kitu hicho kikabaki mikononi mwa wenyeji.

Ubaya ni kwamba mpira haujazi ripoti. Fedha za wafadhili huja kwa mizunguko ya miaka miwili, mitatu, na mti au baraza havijui kalenda hiyo. Mwaka 2016, huko Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa ya misaada ya kibinadamu walikubaliana kwamba kufikia 2020 robo ya fedha hizo ifike kwa watendaji wa ndani moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka huo ulipita na robo haikufika. Kisha Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Ofisi nyingi zilifungwa kwa barua pepe moja. Waliobaki na kazi ya kufanya vijijini walikuwa wale ambao utaratibu wao haukutegemea bajeti.

Sheria nazo zinakokota mguu. Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 uliyataja maarifa ya jamii za asili na za wenyeji. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, ikadai ridhaa na mgawanyo wa manufaa. Na Mei 2024 Shirika la Haki Miliki Duniani lilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aeleze rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayohusiana nazo ameyatoa wapi. Ni hatua ya kweli. Ila zote hulinda mbinu. Sijaona mkataba unaojua la kufanya na dagashida.

Kule Yatenga kulikuwa na mkulima aitwaye Yacouba Sawadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kuchimba zai, mashimo madogo ya jadi ya kukinga maji, lakini akayapanua, akayatia samadi, na akayachimba wakati wa kiangazi, jambo lililowafanya majirani wamwone mwehu. Mchwa wakafuata samadi, wakatoboa ardhi iliyokauka kama saruji, na mvua ikaingia. Kuanzia mwaka 1984 aliitisha siku za soko ambako wakulima walikuja na mbegu na kuulizana wamefanyaje. Hakuna mradi uliomtuma. Mbinu yake ikasambaa Sahel, watafiti wakaja, na mwaka 2018 akatunukiwa Tuzo ya Right Livelihood kule Stockholm. Alikuwa ameotesha msitu wa karibu hekta 40 wenye aina zaidi ya 60 za miti na vichaka, mahali ambapo palikuwa uwanda mtupu.

Mji wa Ouahigouya ulikuwa ukitanuka upande huo. Ramani za upimaji zilipochorwa, mashamba na msitu wake viliangukia ndani ya viwanja, na nyumba zikaanza kujengwa juu ya ardhi aliyoifufua. Alifariki Desemba 2023. Zai unaweza kuisoma leo kwa lugha yoyote kubwa ya dunia, pamoja na vipimo vya shimo.